Kiboko Aliyefunga Mdomo ili Ujuzi Usitoke

— Jamani, mpo?

— Tupo, na masikio tumekuja nayo!

— Nina ngano mgongoni, niitue?

— Itue, isikuvunje kiuno!

— Niitue wapi?

— Hapa katikati, kila mtu aifikie!

— Haya, naitua. Puu! Sogeeni.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakienda kazini kama sisi, palikuwa na bonde likiitwa Bonde la Munyu. Katikati ya bonde ilikuwepo chemchemi ya maji ya chumvi, na kando ya chemchemi palikuwa na kiwanda. Msidhani kiwanda cha mashine. Vyungu, mafiga, kuni, na migongo ya wafanyakazi, basi. Maji yanachotwa, yanachemshwa, yanakaukia chunguni, kinachobaki ni chumvi nyeupe pee. Chumvi ikikauka inafungwa kwa majani makavu ya mgomba, inakuwa mabumba, na wanyama wa mbugani wanakuja na makanda ya mtama kubadilishana. Maana pale bondeni udongo wenyewe ulikuwa chumvi tupu, hauoti hata kunde. Pasipo chumvi nyeupe hakuna mtama, na pasipo mtama, watoto wa bonde zima wanalala na njaa.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa Bwana Kiboko. Mtaniuliza aliupataje usimamizi. Alikaa mlangoni! Alikwenda akakaa pale penye njia ya kuingilia, na kwa unene ule hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila kumwomba ruhusa. Sasa mtu ukiombwa ruhusa asubuhi, ukaombwa ruhusa jioni, mwisho unakuwa mkubwa wa kazi.

Na wafanyakazi walikuwa nani? Dada Korongo na miguu yake mirefu alichota maji chemchemini. Mzee Nungunungu alikaa motoni. Bi Kanga alianika chumvi na kuifunga. Na kati yao alikuwepo mchukuzi, Pimbi, mama wa watoto wawili, mgeni kazini, mdogo kama mkate. Kazi yake kubeba. Anabeba maji kwa Korongo, anapeleka kwa Nungunungu. Anabeba chumvi mbichi kwa Nungunungu, anapeleka kwa Kanga. Tii tii tii, anakwenda. Tii tii tii, anarudi.

Lakini hicho kiwanda kilikuwa na jambo la ajabu. Kati ya mfanyakazi na mfanyakazi ulisimamishwa ua wa matete, mrefu, mnene, hata jicho halipenyi. Korongo hamwoni Nungunungu. Nungunungu hamwoni Kanga. Siku yake ya kwanza Pimbi akauliza:

"Bwana Kiboko, hizi nyua za nini? Mzee Nungunungu nikimuuliza moto anautuliza vipi, ananigeuzia mgongo, na mgongo wenyewe mnaujua!"

Kiboko akafumbua jicho moja. "We Pimbi, huku kwetu hatuambiani. Unajua kwa nini? Ujuzi unakaa kichwani, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na njia yake ya kutokea ni mdomo, sivyo?"

"Huenda, Bwana."

"Basi ukimwambia mwenzako unachokijua, kinakutoka. Kinahama! Yeye anakuwa nacho, wewe unabaki na kichwa kitupu." Akanyanyua mguu, akamgonga Pimbi utosini: to, to, to. "Unasikia? Huna kitu. Mama yako alikuwa msemaji sana huyo."

"Na mimi nikitaka kujifunza?"

"Ujuzi wote wa kiwanda hiki ninao mimi. Kila jioni wananinong'oneza sikioni walichokijua. Kwangu hauhami, kwangu wanauweka amana. Kichwa changu umekiona?"

Pimbi akakitazama. Kilikuwa kichwa kweli, kama mwamba wa mtoni. Akarudi kubeba.

Jioni akaona kwa macho yake. Wafanyakazi wakajipanga mlangoni. Dada Korongo akainamisha shingo, akanong'ona: "Bwana, leo maji ya upande wa miamba yana ukali kuliko ya upande wa tope." Kiboko, macho yamefumbwa: "Mm." Mzee Nungunungu akanong'ona: "Bwana, kuni za mgunga zinadumu, za mfenesi zinalipuka." Kiboko: "Mm." Bi Kanga akanong'ona: "Bwana, chumvi ya leo ina wekundu, sijui unatoka wapi." Kiboko: "Mm... mm... krooo!"

Pimbi alikuwa amesimama kando, chungu chake kichwani. Minong'ono haikumfikia, lakini ile krooo aliisikia vizuri. Akajiambia moyoni: "Ala! Amana gani hii inawekwa kwa mtu aliyelala?"

Na kula, jamani! Kila lilipofungwa bumba jipya, Kiboko alisema, "Hebu nilionje." Anafumbua mdomo, kwaa! Bumba linaingia na majani yake. Mch, mch, mch. Kwisha. Wafanyakazi walipewa ruhusa ya kukwangua vyungu. Kwaru kwaru kwaru, unapata cha kupaka ulimini. Wakiuliza, wanaambiwa: "Anayejua vyote anakula vingi. Nyie kila mmoja anajua kijambo kimoja, basi mle kijambo kimoja."

Ikaenda hivyo, ikaenda hivyo, mpaka Mzee Nungunungu akaugua.

Homa ilimshika, akatetemeka hata miiba ikawa inalia cha-cha-cha. Akabaki kwake. Asubuhi motoni hapana mtu. Dada Korongo akauliza nyuma ya ua, "Jamani, mbona sisikii moshi?" Moshi hausikiki, lakini mtu akizoea kutokuona, anasema hivyo.

Kiboko hakushtuka hata kidogo. "Mzee kaugua, ujuzi wake ninao mimi. We Pimbi, kaa motoni."

"Nifanyeje, Bwana?"

"Washa moto."

"Halafu?"

"Weka chungu."

"Halafu?"

"Halafu ngoja! Mambo mengine ni ya wakubwa."

Pimbi akawasha, akaweka, akangoja. Akatia kuni za mfenesi kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Chungu kikasema gu-gu-gu. Akangoja. Kikasema pwiti-pwiti. Akangoja. Kikasema shiiii. Akangoja bado, maana ndivyo alivyoambiwa. Kuni zikalipuka, na chungu nacho, paaa! Vigae huku, majivu kule, na Pimbi mweusi tii, masikio yanatoa moshi. Chumvi iliyookolewa ilikuwa nyeusi kama masizi. Bi Kanga alipoipokea akaanza kulia. "Mimi hii nitaianika wapi, shoga? Kunguru wenyewe wataikimbia!"

Kiboko akaja juu. Alitingisha tumbo, ardhi ikatetemeka. "Wewe umeniharibia! Bi Kongoni na watu wake wa mbugani wako njiani. Wakifika wakakuta chumvi nyeusi, mtama wanarudi nao. Basi nisikie. Nikikosa chumvi nyeupe siku watakayofika, utachukua watoto wako na utoke bonde hili. Ile miamba mnamolala nitaikalia mimi."

Pimbi akaenda mpaka nyuma ya ua, akakaa chini. Aliwafikiria wanawe, wadogo, hawajaweza hata kupanda jiwe vizuri. Atoke nao aende wapi, na tai wanavyozunguka huko nje? Alitaka kulia, lakini masizi yalimjaa machoni, na kulia na masizi kunawasha. Akaona bora afikiri. Akajipangusa, akashika njia ya kwa Mzee Nungunungu. Tii tii tii.

Alimkuta amejikunyata chini ya mkeka.

"Hodi, Babu."

"Karibu, mwanangu. Usinikaribie sana, leo miiba sijaiweza."

"Babu, nifundishe moto."

Mzee akaficha uso. "Aa, mwanangu! Huo siwezi. Nikikwambia utanitoka. Nikipona nitarudi kazini kichwa kitupu, nitafukuzwa, na uzee huu nitakwenda kufanya nini? Kuuza miiba?"

Pimbi hakubishana naye. Akasema, "Sawa, Babu. Basi nikwambie mimi jambo langu. Unajua sisi pimbi tunapandaje ukuta ulio laini?"

"Sijui."

"Nyayo zetu zinatoka jasho. Tunazikandamiza, zinanata. Haya, nimekwambia. Ujuzi umeshanitoka mdomoni, si ndiyo? Sasa nitazame." Akaukabili ukuta wa nyumba. Nyat, nyat, nyat, huyoo mpaka juu! Akaning'inia darini anacheka. Nyat, nyat, nyat, akashuka.

Mzee akakaa kitako. "Hebu rudia."

Akarudia.

"Haujakutoka?"

"Haujanitoka."

"Na mimi ninao?"

"Unao."

Mzee Nungunungu akausogelea ukuta, akakandamiza kiganja, akaangukia mgongo. Miiba ikachoma mkeka. Wakacheka mpaka homa yenyewe ikaona haya. "Nyayo sina," akasema mzee, "lakini ujuzi ninao! Kumbe tunaweza kuwa nao wawili! Miaka yote hii, mwanangu, nimeubana kifuani kama mtu aliyebanwa na haja. Kaa hapa nikwambie."

Akamwambia. Kuni za mgunga, si za mfenesi. Chungu kikisema gu-gu-gu, kiache kiseme, hakijafika. Kikisema pwiti-pwiti, engua povu na upunguze kuni. Kikisema shiii, toa moto wote, usisubiri hata kupiga chafya.

Pimbi alirudi akirudiarudia njiani asisahau, na kurudiarudia kule kukajitia mdundo, na mdundo ukawa wimbo. Alipokaa motoni akauimba kwa sauti:

*Chungu kikisema gu-gu-gu, kiache kiseme!*
*Kikisema pwiti-pwiti, engua!*
*Kikisema shiii, toa moto, toa!*

Chumvi ikatoka nyeupe. Akaishika, akailamba, akaruka juu kwa furaha.

Nyuma ya ua wa kwanza, Dada Korongo alisimama kwa mguu mmoja, ameinua kichwa. Wimbo ulipenya matete. Akauchukua. Nyuma ya ua wa pili, Bi Kanga naye akauchukua, mabega yanacheza. Tena alikuwa na sauti huyo, akaongeza ubeti wake mwenyewe:

*Anika kivulini kwanza, jua baadaye!*
*Chumvi ikiwa nyekundu, nitaifanyeje?*

Dada Korongo kusikia hivyo akaiacha kata majini. "Nyekundu?" Akajitazama miguu. Alikuwa amesimama upande wa tope, kwa sababu upande wa miamba unateleza. Tope jekundu lilimfika magotini. "Maskini, Kanga! Kumbe ule wekundu ni mimi!" Akahamia miambani palepale, akaimba kwa ile sauti yake ya mkwaruzo:

*Chota penye mwamba, tope lina rangi!*
*Nisamehe, shoga, sikujua!*

Kiboko akaamka mlangoni. "Nyie! Mnaambiana nini humo?"

"Hatuambiani, Bwana!" Pimbi akajibu. "Tunaimba!"

"Mnaimba tu?"

"Tunaimba tu, kazi iende."

"Aa, imbeni," akasema Kiboko, akatingisha masikio kufuata mdundo, akalala tena. Krooo.

Wakaimba asubuhi, wakaimba mchana. Kila aliyegundua jambo alilitia ubeti. Si muda mrefu Kanga akajua moto, Korongo akajua kuanika, na Pimbi akajua kuchota, ingawa kwa kimo chake alilazimika kufungwa kamba kiunoni. Mabumba yakapanda kama kilima, meupe, makavu, hayana doa.

Siku Bi Kongoni alipofika na watu wake, vumbi lilitangulia. Wamama wa mbugani, wazee, ndama wenye ulimi mkavu wa kukosa chumvi, na makanda ya mtama migongoni. Wafanyakazi wakasimama kando, mioyo juu. Mzee Nungunungu naye alikuwa ameanza kupona, akaja akijikongoja na fimbo.

Kiboko akajiburuta mpaka mbele ya kilima cha chumvi, akajaza njia yote.

"Karibuni, wageni! Mnaona mali hii? Imetoka humu." Akajigonga kichwa. "Mzee wangu wa moto aliugua, na kiwanda hakikusimama. Kwa nini? Kwa sababu ujuzi wote ninao mimi. Kwa hiyo msimu huu makanda yote ya mtama yawekwe kwangu. Na chumvi, nitawapunguzia kidogo, nyingine nitaila mwenyewe. Hawa," akawanyooshea wafanyakazi pua, "wameshakwangua vyungu, wameshiba."

Bi Kanga akaanza kudonadona chini kwa uchungu. Pimbi alimtazama yule Bwana, na Bwana wakati huo ameshafumbua mdomo, kwaa, bumba linakwenda kuingia. Mdomo ulikuwa wazi kama mlango wa ghala. Pimbi akautazama, na hapohapo akaiona njia.

"Bwana Kiboko, funga mdomo!"

Uwanja wote ukageuka. Nani huyu amemwambia mkubwa wa kazi afunge mdomo? Kiboko akabaki na bumba linaning'inia midomoni.

"Samahani, Bi Kongoni," Pimbi akasema, akapiga magoti kwa adabu. "Ni hofu tu. Bwana wetu mwenyewe ametufundisha kwamba ujuzi unatokea mdomoni, na ukitoka umehama. Sisi wadogo ukituponyoka si neno, tuna kidogo. Lakini yeye! Anao wa kiwanda kizima. Na mdomo wenyewe ndio ule, mnauona. Akipiga mwayo mmoja tu, chumvi ya bonde imekwisha!"

"Ala!" Bi Kongoni akarudi nyuma hatua. "Ni kweli hayo, Bwana Kiboko?"

Kiboko akafikiri. Aseme si kweli? Mbele ya wafanyakazi? Tena alivyowaona wote wamemkodolea macho, wamemwogopea kama yai, akasikia raha. Akalitema bumba polepole.

"Ni kweli," akasema.

"Basi ufunge, baba! Tumetoka mbali!"

"Ufunge! Ufunge!" wakapiga kelele wamama wa mbugani.

Fap! Kiboko akafunga mdomo.

"Jamani, mkubwa wa kazi ni huyu," Pimbi akasema, akamzunguka akimpepea kwa jani. "Ujuzi wote umo, umetulia. Sasa tugawane. Bwana, Mzee Nungunungu apewe kanda la mtama?"

Kiboko akatoa macho. "Mm!"

"Anasema apewe!"

Kanda likashushwa, puu! Kiboko akatikisa kichwa. "Mm-mm!"

"Anasema mawili!"

Puu! Puu!

"Mm-mm-mm!"

"Matatu! Jamani, Bwana huyu ana moyo! Na Dada Korongo je?"

Kiboko akagundua kwamba kila akikataa anatoa. Akanyamaza kabisa. Pimbi akategesha sikio puani kwake.

"Amenyamaza. Anasema kwa Korongo na Kanga sina la kuongeza, wapewe sawasawa na mzee."

Puu! Puu! Puu! Mtama ukashuka. Ndama wakagawiwa chumvi. Ndama mmoja, hana adabu hata kidogo, akaja na bumba lake akasimama chini kabisa ya pua ya Kiboko. Akalamba. Mlaa. Akalamba. Mlaa. Harufu ikapanda puani kwa Bwana. Mashavu yakavimba. Mapovu yakamtoka puani, blubu, blubu. Macho yakawa mekundu. Masikio yakazunguka kama pia.

Mlaa, akalamba ndama.

"NI YANGU! YOTE NI YANGU!"

Upepo wa sauti ile uliwaangusha ndama na kupeperusha majani ya mgomba. Pimbi akashika kichwa.

"Umetoka!"

"Umetoka?" akauliza Bi Kongoni.

"Umetoka wote! Ukamateni! Ule pale unapita!"

Dada Korongo akaruka, akabana hewa kwa mdomo, kap, kap. Bi Kanga akamkimbiza kipepeo. "Huu hapa! Unaingia kichakani!" Mzee Nungunungu akapunga fimbo hewani. "Kushoto! Kushoto!" Na ndama wote wakakimbia hovyo, maana watoto wakiona watu wanakimbia hawahitaji sababu.

Walirudi wanahema. "Umekwenda," akasema Korongo.

Bi Kongoni akamwendea Kiboko. Alikuwa mama mwenye busara, na sidhani alikuwa ameamini yote. "Bwana Kiboko, hebu tujaribu, labda kimebaki kidogo. Maji yanachotwa wapi?"

"Ee... penye maji."

"Na unajuaje kwamba chumvi imeiva?"

"Ee... unapika... unapika... mpaka inaiva."

Kicheko kikatoka bondeni mpaka mbugani. Kiboko akainamisha kichwa kile kikubwa, na kwa mara ya kwanza kilionekana kizito kwake. Pimbi akamwona, akamwonea huruma kidogo. Akainua mkono.

"Msimcheke, jamani. Ulikuwemo, umetoka sasa hivi."

Kiboko akamtazama kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Kweli kabisa," akasema. "Ulikuwemo. Asubuhi nilikuwa nao."

"Sasa chumvi mwakani tutaipata wapi?" Bi Kongoni akauliza.

Pimbi akamkonyeza Kanga. Kanga akaanza, Korongo akadakia, Mzee Nungunungu akagonga mdundo kwa fimbo, wakauimba wimbo wote, wa maji, wa moto na wa kuanika. Kila mmoja alijua kila ubeti.

"Na mmoja wenu akiugua?"

"Ataletewa uji, na chungu kitaendelea kuchemka," akasema Pimbi.

"Wakiugua wawili?"

"Uji utakuwa mwingi zaidi."

Bi Kongoni akacheka, akaongeza kanda la mtama kwa ajili ya watoto wa Pimbi, akafungasha chumvi, akaondoka na watu wake. Mzee Nungunungu akazitazama zile nyua za matete, akazigusa kwa fimbo. "Zimekauka vizuri," akasema. "Zitafaa kuwashia moto." Jioni hiyohiyo wakazing'oa, tru, tru, tru, na kwa mara ya kwanza Dada Korongo akamwona Bi Kanga uso kwa uso. "Shoga! Kumbe una madoa!" "Shoga! Kumbe una miguu!"

Na Kiboko? Hawakumfukuza. Walimwondoa mlangoni wakampa kazi ya kubeba maji mdomoni, maana mdomo ule ulikuwa sawa na vyungu kadhaa, na akiwa amebeba maji hawezi kula. Kila jioni alipewa bumba lake moja, kama kila mtu. Wimbo alijifunza polepole, alikuwa anasahau pale kwenye shiii. Lakini moyoni aliamini kabisa kwamba siku ile ujuzi ulimtoka kweli, na kwamba uko mahali fulani, utarudi. Ndiyo maana hata leo ukipita mtoni utamwona Kiboko amefumbua mdomo, kwaa, ametulia, hali, haongei. Anauacha mlango wazi.

Sasa, jamani, kila ngano ina fundisho, na fundisho la hii liko wazi. Ukijua jambo, lifiche. Usimwambie mwenzako kazini, usimwambie jirani, na nyimbo hasa ziogope, zina mdomo mpana. Na ukiwa mkubwa wa kazi, lala, watu wakinong'ona itikia mm, utaheshimiwa. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyoishi. Hii ngano kwa mfano nilikuwa nimeificha miaka mingi, sijamwambia mtu yeyote isipokuwa nyinyi, na wale wa jana, na wale wa sokoni.

— Jamani, nimeitua?

— Umeitua!

— Imenitoka?

— Unayo bado!

— Na nyinyi?

— Tunayo sote!

— Basi inukeni mwende nayo, mimi nimebaki na yangu.